Nissan za enzi ya Carlos Ghosn: ipi ya kununua, ipi ya kupima kwanza, ipi ya kuacha

Habari za Carlos Ghosn, aliyekuwa bosi wa Nissan, siku hizi huanzia kwenye sanduku la vyombo vya muziki alimojificha Desemba 2019 akitoroka Japani. Mnunuzi aliyesimama mbele ya Tiida, Note, X-Trail au Leaf kwenye yadi ya Mombasa au Dar es Salaam ana swali lingine kabisa: maamuzi ya bosi huyu yamekaa wapi ndani ya gari? Yamekaa sehemu tatu. Kuna injini ndogo zinazotumika kwenye modeli nyingi, kuna giaboksi za CVT (otomatiki zisizo na gia za kuhesabika) kutoka Jatco, na kuna betri ya Leaf isiyo na mfumo wa kuipoza. Injini tunazipa alama za juu. Giaboksi inategemea nani alimwaga oili na lini. Betri hainunuliwi kwa macho.

Ghosn alizaliwa Porto Velho, Brazili, mwaka 1954, katika familia yenye asili ya Lebanoni. Alikulia Beirut, akasomea uhandisi Paris, na mwaka 1978 akaingia kampuni ya matairi ya Michelin. Huko alisimamia kiwanda cha Le Puy, kisha shughuli za Amerika Kusini, na kufikia 1989 alikuwa akiongoza Michelin ya Amerika Kaskazini. Mwaka 1996 Louis Schweitzer, bosi wa Renault, alimchukua kwenye kampuni hiyo, ambako kazi yake ya kupunguza gharama, pamoja na kufungwa kwa kiwanda cha Vilvoorde nchini Ubelgiji mwaka 1997, ilimpa sifa ya mtu wa panga. Machi 1999 Renault ilinunua asilimia 36.8 ya Nissan, kampuni iliyokuwa ikizama kwenye madeni, na Ghosn akatumwa Tokyo.

Mpango wake wa kuifufua Nissan ulitangazwa tarehe 18 Oktoba 1999. Ajira 21,000 zipunguzwe, viwanda vitano vifungwe kikiwemo kile cha Murayama, gharama za manunuzi zishuke kwa asilimia 20 ndani ya miaka mitatu, na wauza vipuri wapunguzwe kutoka zaidi ya 1,100 hadi 600. Aliahidi faida ndani ya mwaka wa fedha wa 2000, na mwaka huo faida ikapatikana. Malengo mengine makubwa yalitimia mwaka mzima kabla ya muda.

Mnunuzi wa gari lililotumika anahusika zaidi na mstari mmoja wa mpango ule ambao haukupigiwa kelele: idadi ya plafomu, yaani misingi ambayo magari hujengwa juu yake, ipungue. March K12 ya 2002 ilikuwa ya kwanza kwenye plafomu B iliyoshirikiwa na Renault. Juu ya msingi huo huo, wakati mwingine ukirefushwa, zikaja Tiida, Note E11, Cube Z11, Wingroad Y12 na AD ya 2006. Ndiyo maana fundi wa Gikomba au Ilala anaweza kuchukua koili, sensa au pampu ya maji ya Wingroad akaifunga kwenye Tiida bila kuhangaika. Kuna bosi aliyeamua hivyo ili kuokoa fedha, na anayefaidi leo ni mwenye gari anayetafuta spea siku ya Jumamosi jioni.

Injini: HR15DE na jamaa zake

HR15DE ya lita 1.5 ndiyo bora katika kundi hili. Ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, mwili wa alumini, na haina tabia ya kula oili mradi ibadilishwe kila kilomita 5,000 hadi 7,000. Iliyotangulia kwenye March K12, CR12DE, nayo ni nzuri ila cheni yake hurefuka pale oili inapocheleweshwa. Dalili ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache injini ikiwashwa asubuhi, kisha taa ya injini kuwaka. Ukiusikia mlio huo kwenye majaribio, piga hesabu ya cheni, tensiona (kikaza cheni) na vielekezi vyake kabla ya kutaja bei.

Kasoro inayowasumbua wengi kwenye HR15DE mara nyingi husababishwa na mikono ya fundi. Throtoli yake ni ya umeme. Ikishika uchafu, silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba. Fundi anaifungua na kuisafisha, na ghafla injini inapiga resi 1,500 hata 2,000 bila kukanyagwa. Wengi hapo huambiwa wanunue throtoli mpya. Haihitajiki. Kompyuta ya injini bado inakumbuka pengo la throtoli chafu na inabidi ifundishwe upya.

Endesha kwanza gari kwa dakika 10 hadi injini na giaboksi vipate joto. Maji ya injini yawe kati ya nyuzi 70 na 100. Weka gia kwenye P, nyoosha usukani, zima kiyoyozi, redio na taa zote. Volti za betri injini ikiwa inawaka ziwe 12.9 au zaidi. Zima injini, subiri sekunde 10. Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha, hesabu sekunde 3. Ndani ya sekunde 5, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na kuachia mara 5. Subiri sekunde 7. Sasa kanyaga hadi mwisho na ushikilie, kama sekunde 20, mpaka taa ya injini iache kupepesa na iwake moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, washa injini, iache sekunde 20. Tumia saa yenye mkono wa sekunde, kwa sababu ukikosea sekunde mbili tatu zoezi linakataa na unaanza upya. Likikataa mara kadhaa, tafuta sehemu inayovuta hewa ya pembeni, kwa kawaida gasketi ya throtoli iliyofungwa vibaya.

X-Trail T30, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2000, ni ya kundi la mpito: ilibuniwa kabla Ghosn hajakaa vizuri kitini. Giaboksi yake ya kawaida ya gia 4 ni ngumu kufa, lakini injini ya QR20DE hula oili, na sensa za kemu na krenki hufa zikipata moto. Gari linazima barabarani, likipoa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Angalia pia masega ya kisafisha moshi kwenye egzosi. Yakianza kuvunjika, vumbi lake hurudi kwenye silinda na kumaliza pete za pistoni.

Giaboksi: hapa ndipo fedha inapopotelea

Jatco ni kampuni ambayo Nissan inamiliki asilimia 75 ya hisa zake, na chini ya Ghosn CVT iligeuka kuwa giaboksi ya karibu kila Nissan ya familia. Hoja ilikuwa ulaji mdogo wa mafuta, na hiyo ni kweli. Tatizo ni kwamba giaboksi hizi zilipelekwa kwenye magari mazito na masoko yenye joto kabla hazijakomaa. Nchini Marekani Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya CVT za modeli za 2003 hadi 2010 kufikia miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haitoi zawadi ya namna hiyo kwa hiari.

Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili kwa shinikizo la oili peke yake. Oili ikichoka au ikichemka, shinikizo linashuka, mkanda unateleza kidogo, na kila mtelezo unakwangua vumbi la chuma kwenye puli. Vumbi hilo huingia kwenye vali za bodi ya vali na ndani ya pampu, vali zinakwama, shinikizo linashuka zaidi. Kuanzia hapo uharibifu unajiendesha wenyewe. Foleni ya Mombasa Road au mlima wenye mzigo huharakisha tu.

X-Trail T31 inatumia giaboksi aina ya JF011E na oili ya NS-2. Note E12 ina JF015E, ndogo, yenye gia mbili za ziada ndani. X-Trail T32 ina JF016E. Hizi mbili nyingi hutumia NS-3. Soma kitabu cha gari au kijiti cha oili kabla ya kununua, na usikubali oili ya giaboksi ya kawaida hata fundi akikuapia kwamba "zote ni ATF". Oili ya kawaida haina msuguano ambao mkanda unauhitaji, na giaboksi iliyojazwa hiyo huanza kuteleza mapema sana.

Umwagaji wenyewe si kazi kubwa. Kwa nati ya chini hutoka lita 4 hivi, kidogo zaidi au pungufu kulingana na aina, maana nyingine hubaki kwenye konveta na mirija. Pima kilichotoka na urudishe kiasi hicho hicho. Endesha kilomita mia kadhaa, mwaga tena. Mara ya pili ndipo shusha sampu (bakuli la oili la chini), safisha sumaku zake, badilisha gasketi na chujio. Aina nyingi zina pia chujio dogo la karatasi kwenye kipoza oili ambalo mafundi hulisahau. Sumaku zenye matope laini ya kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha maana yake umechelewa. Kwa T32, isiyo na kijiti, kipimo huchukuliwa kwa nati ya kumwagika gari likiwa limelala sawasawa na oili ikiwa na nyuzi 35 hadi 45. Ukipima ikiwa ya moto kuliko hapo, oili itakuwa imetanuka na utaiacha giaboksi na upungufu. Kwa hali zetu fanya zoezi hili kila kilomita 40,000, na usisubiri taa yoyote.

Kabla ya kununua, gari lianze likiwa limepoa. Hamisha kutoka P kwenda D, kisha R. Likichukua zaidi ya sekunde 2 kushika, shaka imeanza. Endesha dakika 20 na utafute mlima. Mtetemo kati ya kilomita 20 na 50 kwa saa ukikanyaga taratibu ni mkanda. Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mwendo ni beringi. Gari kukataa kupanda resi baada ya kupata moto, kisha kupona likipoa, ni kinga ya joto inayofanya kazi yake. Muuzaji atakuambia ni filta ya mafuta.

Baada ya hapo chomeka mashine ya kusoma namba za hitilafu. P0776, P0841 na P0868 zinazungumzia shinikizo na pengine vali. P17F1 inamtaka fundi akague mkanda kwa kamera. Ukiwa mzima, bodi ya vali pekee inaweza kutosha. P17F0 maana yake ni giaboksi nzima. Soma pia kihesabu cha uchakavu wa oili, kwa mashine ya Consult au programu ya simu iitwayo CVTz50: kikizidi 210,000, Nissan yenyewe inasema oili ibadilishwe. Kihesabu kilichosimama sifuri kwenye gari la kilomita 110,000 nacho kina maswali yake, kwa sababu hufutwa kwa kubonyeza tu.

Jambo moja linaloua giaboksi hata nzima: kuvuta gari kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Pampu haizunguki injini ikiwa imezimwa, hivyo chuma kinasagana kikavu. X-Trail ya 4WD hubebwa magurudumu yote manne.

Anayetaka Note lakini anaogopa CVT atafute E11 ya 4WD, yenye giaboksi ya kawaida ya gia 4. Inakula mafuta zaidi. Bado ni biashara nzuri.

Pale hesabu zilipoharibika

Ghosn wa 1999 na Ghosn wa 2011 si mtu mmoja kwa macho ya mnunuzi. Yule wa kwanza aliondoa mafuta mwilini, akaruhusu Fairlady Z ya 2002 na GT-R ya 2007, magari ambayo mhasibu wa kawaida angeyakata. Wa pili, akiwa mkuu wa Nissan na Renault kwa pamoja tangu 2005, alifukuza ukubwa. Mpango wa Power 88 ulitaka asilimia 8 ya soko la dunia na faida ya asilimia 8 kufikia mwisho wa mwaka wa fedha wa 2016. Haikufikia. Chapa ya Datsun ilifufuliwa kwa ajili ya nchi za kipato cha chini, na Datsun Go ya India ilipopimwa na Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, mwaka 2014 ilipata nyota sifuri kwa usalama wa abiria wazima. Gamba la gari lilikunjika kiasi kwamba hata mifuko ya hewa isingesaidia. Mwenyekiti wa Global NCAP, Max Mosley, alimwandikia Ghosn kumtaka aliondoe sokoni. Ukikutana na Datsun Go iliyoingia kutoka Afrika Kusini, iache hata ikiwa bei ya pikipiki.

Mwaka 2016 Nissan ilichukua asilimia 34 ya Mitsubishi, na mwaka 2017 muungano huo uliuza magari zaidi ya milioni 10. Tarehe 19 Novemba 2018 Ghosn alikamatwa Tokyo kwa tuhuma za kuficha kipato na kutumia vibaya mali ya kampuni. Anazikana hadi leo, akiwa Beirut.

Leaf: ubunifu wake mkubwa, na hatari yake

Leaf iliyotoka Desemba 2010 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya umeme kuuzwa kwa wingi na kampuni kubwa, na Ghosn aliisukuma wakati wenzake wakicheka. Aliahidi magari milioni 1.5 ya umeme kwa muungano mzima kufikia 2016. Hayakufika hata theluthi. Gari lenyewe ni imara ajabu: mota, inveta na giaboksi yake ya gia moja havina tatizo la kueleweka. Tatizo ni betri. Ili kupunguza bei na uzito, iliachwa bila kupozwa kwa maji wala feni. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, Arizona, walianza kupoteza uwezo wa betri ndani ya miaka miwili kwa sababu ya joto. Mkazi wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam aisome habari hiyo mara mbili. Wa Nairobi au Arusha ana nafuu.

Upande wa kulia wa geji kuna vipimo 12 vidogo vya afya ya betri. Cha kwanza hupotea uwezo ukishuka chini ya asilimia 85, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Vipimo 9 basi ni asilimia 66 hadi 72. Leaf za kwanza za 24 kWh, ambayo kila moja ikiwa mpya ilipimwa Marekani kwa kilomita 117, ikiwa na vipimo 9 itakupa takriban kilomita 80. Wajanja hufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vipimo vyote 12 virudi, na huchukua muda kabla ukweli haujaonekana.

Dawa ni programu ya Leaf Spy na kifaa cha ELM327 cha Bluetooth. Tazama SOH (asilimia ya afya ya betri), kisha idadi ya chaji za haraka na za kawaida. Muhimu zaidi, tazama chati ya seli 96: betri ikiwa chini ya asilimia 30, tofauti kati ya seli ya juu na ya chini isizidi milivolti 50 hivi. Ikivuka 100, kuna moduli dhaifu. Pakiti ya 24 kWh ina moduli 48 na moja hubadilika, lakini pakiti ina karibu kilo 300, na iguswe tu na fundi aliyefunzwa umeme wa volti kubwa.

Kwa mpangilio wetu: za 2011 na 2012 ziache. Za kuanzia 2015 zina kemia inayovumilia joto zaidi. Ya 30 kWh ilikuwa na programu iliyoonyesha uchakavu mkubwa kuliko uhalisia, Nissan ikatoa marekebisho 2018; uliza kama yalifanyika kabla ya kulia bei. Ya 40 kWh ya kuanzia mwishoni mwa 2017 ndiyo yenye maana kwa safari, ingawa ukiichaji haraka mara mbili tatu kwa siku betri hupanda moto na mwendo wa kuchaji huanguka.

Dashibodi ikiwaka taa zote kwa pamoja, pima kwanza betri ndogo ya volti 12. Waya wa chaji uliokuja na gari umetengenezwa kwa volti 200 za Japani. Nunua wa volti 230 hadi 240, uuweke ampea 10, na usiutumie kwenye soketi ya zamani yenye alama ya kuungua.

Note e-Power

Hii ya Novemba 2016 ndiyo Nissan ya enzi hiyo tungeipendekeza kwanza. Injini ya lita 1.2 inazalisha umeme tu. Magurudumu yanasukumwa na mota ya Leaf, kilowati 80, kupitia betri ndogo ya 1.5 kWh. Hakuna CVT ndani yake. Wajapani waliipenda hadi Note ikaongoza mauzo ya magari yasiyo ya kei (kundi la Kijapani la magari madogo kabisa) mwaka 2018, mwaka ule ule bosi alipokamatwa.

Ina matangi mawili ya maji ya kupoza, moja la injini na jingine la inveta na mota, na hilo la pili ndilo linalosahaulika. Likipungua, gari linapunguza nguvu kwenye mlima bila injini kuchemsha, na fundi asiyejua ataanza na pampu ya mafuta.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari makongwe, kwa hiyo nyingi za Nissan hizi sasa zitanunuliwa mkononi mwa mtu, si bandarini. Mwombe muuzaji risiti za oili ya giaboksi. Akikuonyesha za oili ya injini pekee, toa kwenye bei gharama ya kumwaga mara mbili, sampu na chujio, na majaribio ya mlimani yafanyike kabla ya malipo ya awali.